Kiroba, Pointi na Deni: Mwongozo wa Vifaa na Mali kwa Mwongoza Mchezo

Joka likishauawa, swali la wachezaji huwa moja: pangoni mna sarafu ngapi? Mwongoza mchezo anatupa dadu, anasoma jedwali, anataja elfu mbili. Kila mtu anaandika mia tano kwenye karatasi ya mhusika wake na safari inaendelea. Hakuna aliyeuliza dhahabu hiyo ilikuwa ya nani, itatolewaje nje, wala nani anawasubiri mlangoni akidai fungu lake. Nusu ya hadithi imepotea hapo, na mara nyingi ndiyo nusu iliyo tamu zaidi.

Nakuandikia wewe unayeongoza michezo ya mezani ya kuigiza uhusika, au unayetaka kuanza. Kwa asiyeijua: watu wachache wanakaa pamoja, kila mmoja anabeba mhusika wa kubuni, na mmoja wao anasimulia ulimwengu na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, na mpaka leo vitabu vyake ndivyo vinavyofuatwa na wengi. Vimejaa ngome za mawe na sarafu za Ulaya ya kale. Hakuna kanuni inayotulazimisha kubaki huko. Mimi napendekeza uhamishie meza yako Nyarugusu, mkoani Geita, kwa sababu pale kila kifaa kina mwenyewe, kila kiroba cha mawe kina mgao, na dhahabu haigeuki fedha mpaka ipite mikono ya watu kadhaa, kila mmoja na haki yake. Ukiyashika hayo, mali itaacha kuwa namba kwenye karatasi na itaanza kuwapa wachezaji wako kazi ya kufikiri.

Nyarugusu ni kata ya wachimbaji wadogo. Katika ukanda huohuo upo mgodi mkubwa wa Geita wa kampuni ya AngloGold Ashanti, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na upande wa Kahama upo Bulyanhulu. Kabla yao kulikuwa na mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni, uliofungwa mwaka 1966. Ardhi imetobolewa kwa vizazi: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanayochimbwa leo, maduara yaliyotelekezwa, mashimo ambayo hata wazee hawajui aliyeyaanza. Hayo ndiyo mapango yako, na hukulazimika kuchora hata moja. Ukitaka na zimwi, simulizi za Wasukuma zinalo: Shing'weng'we, aliyemeza watu mpaka kijana Masala Kulangwa alipomshinda. Mweke kwenye duara lililojaa maji, kisha sambaza habari kwamba mwamba wa chini yake una dhahabu.

Acha sarafu, shika mizani

Anza na uzito, maana hapo ndipo vitabu vinapopotoka zaidi. Kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, sarafu 50 zina uzito wa ratili moja. Piga hesabu: kila sarafu ni karibu gramu 9, na zile elfu mbili za joka ni zaidi ya kilo 18. Kitabu hichohicho kinauza upanga mrefu kwa sarafu 15 za dhahabu, yaani gramu 135 na ushee. Mweleze hivyo mchimbaji ambaye kundi lake linaweza kushinda chini ya ardhi siku nyingi na kupanda na gramu chache, halafu usikilize atakachokuambia kuhusu huo upanga.

Sarafu halisi ya dhahabu yenye uzito unaokaribia ule wa sarafu ya kitabuni imewahi kutengenezwa nchini kwetu. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa walipiga sarafu za rupia 15 huko Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo mbele ya mlima. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na leo wakusanyaji wanaitafuta duniani kote. Weka moja tu ya namna hiyo kwenye kampeni yako nzima, ndani ya kibweta cha bibi fulani, na wachezaji watagombana kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya sanduku la elfu mbili.

Kwa mapato ya kawaida tumia gramu, na gramu uigawe pointi 10, kama wanavyohesabu wachimbaji. Pointi iwe ndicho kipimo kidogo kabisa cha dhahabu mezani kwako. Bei zifuatazo ni za mchezo, zimepangwa ziumize kiasi cha kumfanya mtu asite: tindo pointi 1, nyundo pointi 2, kamba ndefu ya kushukia pointi 3, mkuki mzuri pointi 8, winchi ya mkono yenye ngoma yake pointi 40. Mhusika mpya aanze na pointi 10, na nguo alizovaa. Ataona mwenyewe kwamba hawezi kununua kila anachohitaji, na hapo atamtafuta wa kumkopesha. Hapo ndipo unapotaka afike.

Chakula, tumbaku, sabuni, kuchajiwa tochi, vyote hivyo viko chini ya pointi moja, na usivihesabu kimoja kimoja. Viandike kwenye daftari la mama lishe. Kila mwisho wa juma la mchezo, kila mhusika anadaiwa pointi 1. Akilipa, daftari linafutwa. Asipolipa majuma mawili mfululizo, mama lishe haanzi ugomvi, lakini habari zinafika kwa mwenye duara, na mwenye duara hapendi mtu ambaye deni lake linamfuata mpaka kazini. Kwa njia hii mama mmoja mwenye sufuria tatu anakuwa mtu muhimu kuliko mfalme wa kitabuni, na ni sawa kabisa awe hivyo.

Ukipenda kuupeleka mchezo nyuma, kabla ya rupia na shilingi, dhahabu isiwe fedha kabisa. Katika karne ya 19 mali ya Usukuma na Uzinza ilikuwa ng'ombe na majembe ya chuma. Warongo, wafua chuma wa upande huu wa ziwa, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru za udongo, na majembe yao yalisafiri mbali, yakalipiwa mahari na kubadilishwa kwa mifugo na nafaka. Toka pwani yalikuja merikani, kaniki na shanga. Toka Uvinza ilikuja chumvi. Hazina ya majembe thelathini ni hazina ya kweli: ni nzito, inapiga kelele ikibebwa, kila anayekutana nayo njiani anajua thamani yake, na inaweza kutumika kulimia. Jaribu kuificha.

Vifaa: andika vinavyoweza kukuangusha

Kuna waongoza mchezo wanaodai orodha kamili, mpaka sindano na uzi. Kuna wengine hawaandiki chochote. Mchezaji akisema ana kamba, basi anayo. Wote wawili wanajinyima. Kifaa kinastahili kuandikwa pale ambapo kukosekana kwake kunabadilisha uamuzi. Chini ya ardhi vifaa hivyo ni vichache: taa, kamba, hewa, maji, matimba ya kuzuia kuta, na chombo cha kuvunjia mwamba.

Kwa uzito, achana na kanuni ya kuzidisha nguvu ya mhusika kwa ratili 15. Ni sahihi kwa hesabu, lakini hakuna anayeifuata baada ya wiki ya pili. Mpe kila mhusika nafasi 10, na zaidi kidogo kwa mwenye nguvu. Nyundo inakula nafasi 1, mkuki 1, kamba 2, chakula cha siku tatu 1. Kiroba cha mawe kinakula nafasi 5. Kanuni hii ndogo inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana: mtu aliyeshuka na nyundo, tindo, kamba, chakula na mkuki hawezi kupanda na viroba viwili. Akivitaka vyote viwili, lazima aache kila kitu. Hata mkuki? Na kama Shing'weng'we yuko njia ya kutokea?

Kwa taa na vitu vinavyoisha, nimeona hakuna kanuni bora kuliko ile ya David Black katika The Black Hack, mchezo wa mwaka 2016. Kila kitu kinachotumika kina dadu yake. Tochi mpya ina dadu ya pande 8. Kila baada ya tukio kubwa unaitupa. Ikitoka 1 au 2 dadu inashuka, kutoka pande 8 hadi 6, kutoka 6 hadi 4, na kwenye pande 4 ikitoka tena 1 au 2, giza. Mchezaji hahesabu dakika, ila anajua mwanga unamwishia na hajui utamwishia lini. Tumia kanuni hiyohiyo kwa mafuta ya pampu ya maji, kwa mpira wa kupeleka hewa, na kwa matimba. Ndiyo, hata matimba: miti hiyo ikiishakaa kwenye maji muda mrefu inaoza, na duara lenye matimba ya pande 4 si mahali pa kupigania.

Usidhani nakuza mambo. Januari 2017 watu 15 walifukiwa kwenye mgodi wa RZ Union hapohapo Nyarugusu. Bomba lilipitishwa mpaka walipokuwa, wakapelekewa chakula, na baada ya siku kadhaa wote 15 wakatolewa hai. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walipatikana hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji machafu yaliyopenya kwenye miamba. Watu hao wana majina na jamaa, na mchezo hauna ruhusa ya kuyageuza mateso yao kuwa kichekesho. Usiigize tukio la kweli. Lakini jifunze uzito wake: kilichowaweka watu hai hakikuwa silaha. Hewa, maji, na watu wa juu waliokataa kukata tamaa. Kwa hiyo kila msafara wako uwe na watu wa juu wenye majina, na kila kifaa cha juu, winchi, kamba, bomba, kiwe mikononi mwa mtu ambaye wahusika waliwahi kumtendea wema au ubaya.

Hapo ninafika kwenye umiliki. Pembeni ya jina la kila kifaa kikubwa andika jina la mwenyewe. Winchi ni ya nani? Pampu imekodiwa kwa nani, na ikizama italipwa na nani? Mchimbaji asiye na mtaji hufadhiliwa: mtu anatoa chakula, zana na mafuta, naye anakatwa kwenye mgao. Mchezaji anayeshuka na zana za mfadhili anashuka na macho ya mfadhili mgongoni. Akizitupa ili akimbie zimwi, ameokoka na ana deni. Hilo ni tukio zima la jioni inayofuata, na hukulipangia chochote.

Zana pia huchakaa. Tindo likigonga jiwe jeusi siku nzima linakuwa butu, na butu hilo linapelekwa kwa mhunzi mwenye jiko lake la makaa na mapipa ya maji pembeni ya machimbo. Mezani fanya hivi: mchezaji akitupa 1 kwenye dadu ya pande 20 akiwa anavunja mwamba, tindo limekufa mpaka linolewe. Usimvunjie nyundo, ni adhabu kubwa mno kwa bahati mbaya ndogo.

Mgao, mlangoni mwa duara

Hapa tutulie, maana hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo.

Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, hudumu miaka 7, na eneo lake halizidi hekta 10. Mwenye leseni aghalabu hachimbi mwenyewe. Anawapa nafasi wenye maduara, na mwenye duara ndiye anayegharamia matimba, chakula na zana, kisha anakusanya wachimbaji. Mawe yakipanda juu hayapimwi kwa kilo; yanagawanywa kwa viroba, palepale mlangoni, mbele ya macho ya wote. Mgao unaosikika sana katika ukanda huu ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara na 30 kwa wachimbaji, ingawa makubaliano hutofautiana kutoka duara hadi duara.

Chukua mgao huo uutie kwenye kila hazina, hata isiyokuwa ya mawe. Kila mali wanayoikuta wahusika iwe na wadai watatu: mwenye ardhi, aliyegharamia safari, na waliotoa jasho. Mwenye ardhi anaweza kuwa mtemi, mzimu wa ukoo, au mjane mwenye karatasi ya leseni kwenye bahasha ya plastiki. Aliyegharamia anaweza kuwa mfanyabiashara wa mjini, au mmoja wa wahusika wenyewe, jambo ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu linamweka rafiki upande wa pili wa mgao.

Tuchukue mfano. Wahusika wanne na vibarua wawili wamepandisha viroba 20. Mwenye leseni anachukua 6, mwenye duara 8, wachimbaji 6: kiroba kimoja kwa kila mtu. Lakini hakuna anayejua ndani ya kiroba kuna nini. Wote wanaona jiwe, dhahabu haionekani. Kila kiroba kitatupiwa dadu mbili za pande 6, na jumla ni pointi zilizomo. Ikitoka 2, ni jiwe tupu. Ikitoka 12, tupa tena na ujumlishe. Kabla ya kutupa waulize: mnasaga pamoja na kugawana sawa, au kila mtu asage chake? Usiseme zaidi ya hapo. Mwenye kiroba kilichotoka kwenye mshipa mzuri atataka chake. Kibarua aliyebebeshwa kiroba cha mwisho, kile cha kifusi, atataka wachanganye. Aliyewahi kuokolewa na mwenzake atakumbushwa.

Halafu waangalie wale wadai wengine wawili, mwenye leseni na mwenye duara. Je, mwenye duara alichagua viroba vyake 8 kwanza? Kwa nini aliviweka kivulini tangu asubuhi?

Kutoka jiwe hadi fedha

Wahusika wakiishapata viroba vyao, bado hawana mali. Wana mawe. Safari ya mawe hayo ni nzuri kuliko mapigano mengi, na ni muhimu uijue kwa karibu.

Mawe hupondwa kwanza, kisha huenda kwenye karasha: pipa la chuma lenye gololi ndani, linalozungushwa na injini ya dizeli au mota, kelele zake zinasikika mbali. Yanatoka unga. Unga huo huchanganywa na maji na kumwagwa juu ya ubao ulioinama uliotandikwa gunia au zulia. Tope linateremka, vipande vizito vinanasa kwenye nyuzi. Gunia linasuuzwa ndani ya karai. Hapo ndipo wengi hutia zebaki, wakasugua kwa mikono, wakakamua kwenye kitambaa, wakabaki na kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge kikichomwa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki, nyepesi yenye vitundu. Mizani ndogo ya kidijitali inatoa hukumu.

Sasa iangalie njia hiyo kama mwongoza mchezo. Mwenye karasha anataka ujira: tuseme pointi 1 kwa kiroba. Lakini faida yake kubwa iko kwenye marudio, lile tope lililobaki. Zebaki haikamati dhahabu yote. Sehemu kubwa hubaki humo, na wenye mitambo ya sainaidi hununua marudio hayo na kuyachenjua upya. Kwenye karasha nyingi marudio hubaki kwa mwenye karasha. Waache wachezaji wako wagundue wenyewe, kwenye kikao cha tatu au cha nne, kwamba kilima cha tope nyuma ya karasha kina dhahabu kuliko ile waliyopigania. Hawatalala.

Zebaki yenyewe iwe na hatari ya kweli. Mvuke wake unaingia mwilini, na mtu anayechoma ndani ya nyumba anawatilia sumu na watoto. Rwamagasa, jirani tu na Nyarugusu, ilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwenye machimbo madogo, miaka ya 2000. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mezani, mhusika anayechoma bila kifaa cha kunasa mvuke apoteze alama moja ya afya isiyorudi mpaka apumzike mwezi mzima. Kifaa hicho kiuzwe pointi 6, na kinaokoa zebaki itumike tena. Utashangaa ni wangapi wataona pointi 6 ni nyingi.

Mwisho kuna kuuza. Geita ilipata soko lake la dhahabu Machi 2019, wakati serikali ilipofungua masoko ya madini nchini, na mwaka huohuo ikawafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio ya asilimia 5. Sheria za 2017 ziliweka mrabaha wa dhahabu wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Kumuuzia mnunuzi wa kificho ni kosa la jinai, na mezani yafaa liwe na uzito huo. Turudi kwenye viroba vyetu 6. Tuseme wametoa pointi 42. Karasha limechukua 6, zimebaki 36. Sokoni watakatwa asilimia 7, wabakiwe na pointi 33 na nusu hivi, kila mmoja kati ya sita apate 5 na nusu. Mtu aliyevaa koti jeusi amekuja usiku kambini, anatoa pointi 30 taslimu sasa hivi, hakuna karatasi. Barabara ya mjini ina wanyang'anyi, na mtoto wa kibarua mmoja anaumwa. Umewapa uamuzi wa kweli kwa hesabu ya darasa la nne.

Mali ifanye kazi

Katika kanuni za zamani za Dungeons & Dragons, mhusika alipanda ngazi kwa dhahabu aliyoifikisha nyumbani. Arneson, kwenye kampeni yake ya Blackmoor, alitaka zaidi: uzoefu upatikane kwa kuitumia hiyo dhahabu. Naungana na Arneson kabisa, na ninaongeza sharti langu. Pointi inampa mhusika uzoefu pale tu inapotua kwa mtu: imelipa mahari, imenunua ng'ombe wa baba, imeezeka nyumba ya mama kwa bati, imemlipia mdogo wake ada, imefuta daftari la mama lishe, imeanzisha duka. Dhahabu iliyofichwa chini ya godoro haimkuzi mtu. Ya kunywea pombe inampa nusu, maana hata kilabuni kuna marafiki wa kupata.

Kanuni hii inaondoa ugonjwa wa wahusika matajiri wasio na kwao. Baada ya vikao vichache kila mmoja ana kaya, na kaya ina mahitaji. Ng'ombe wanaweza kuibiwa. Shemeji anaweza kuja kuomba. Hutahangaika tena kutafuta kisa cha kuwatoa wahusika nyumbani.

Kuhusu uchawi nasema kwa uzito. Machimbo yana waganga, yana miiko, yana dawa za bahati, na mchezo wa ajabu bila hayo ungekuwa mkavu. Weka mfumu, yaani mganga, anayesoma utumbo wa kuku. Weka mwiko wa kutopiga mluzi ndani ya duara, ambao ukivunjwa mwamba unajifunga. Weka hirizi inayodai mwenyewe aseme kweli siku nzima. Lakini viungo vya binadamu visiwe kifaa, visiwe hazina, visitajwe kama kiungo cha dawa hata kwa mhusika mwovu. Kanda ya Ziwa imezika watu wenye ualbino, watoto miongoni mwao, waliouawa na watu waliodanganywa kwamba mwili wa mtu huleta dhahabu. Kuna familia zinazoishi na jambo hilo leo. Meza yako isiliguse hata kwa mbali, na mchezaji akilileta, simamisha mchezo na umwambie kwa nini.

Kwa kuanza usitake makubwa. Duara moja, mwenye leseni mmoja, mwenye duara mmoja, mama lishe mmoja, karasha moja, na viroba visivyozidi 20. Wape wahusika winchi moja ambayo si yao. Dadu ya pande 20 ni adimu katika maduka yetu, basi andika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya karatasi, tia kwenye kofia, chomoa kimoja na ukirudishe; kwa pande 6 dadu za ludo zinatosha. Daftari la madeni alishike mchezaji, si wewe, na alisome kwa sauti kila kikao kinapoanza. Na kama mtaani kwenu kuna mtu aliyewahi kushuka duarani, mwalike akae nanyi, mkaribishe chai, mwulize bei zako ziko sawa au umezidisha. Akikurekebisha, futa ulichoandika na uandike anachosema yeye.